Hana alikula baadaye

Kijana wa chipsi pale kituoni kwetu hakuwa na haja ya kuniuliza nataka nini. Akiniona tu navuka barabara, anavunja mayai mawili, anayapiga kwenye kikombe cha bati, anayamwaga juu ya viazi vilivyokwisha kuiva, na mafuta yanalia sauti ile ambayo mimi, kwa miezi minane, nilikuwa naisikia kichwani tangu saa tisa alasiri nikiwa bado ofisini. "Zege la mama hilo," anasema, ananifungia kwenye foili, kachumbari pembeni, pilipili ya kutosha. Hiyo ni saa nne usiku. Saa mbili nimeshakula wali na maharage na wanangu. Sina njaa hata chembe. Nakula nimesimama jikoni, taa nimezima, mlango wa friji nimeuacha wazi kidogo nipate mwanga wa kuona ninachoshika. Nikimaliza, foili naisokomeza chini kabisa ya ndoo ya taka, chini ya maganda ya ndizi, asije mtu akaiona.

Mama yangu alifariki Februari, mwanzoni mwa miezi hiyo minane. Tulimzika Rombo, tukaanua matanga, nikapanda basi la kurudi Dar es Salaam, na Jumatatu asubuhi nilikuwa mezani kwangu nahesabu risiti. Wenzangu walinipa pole siku mbili tatu. Watu wa jumuiya walikuja na rambirambi na sala. Kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na ndivyo inavyotakiwa. Ila ikawa kila inapofika saa nne usiku, saa ambayo mama alizoea kupiga simu kuuliza kama tumefunga milango, kifua kinanibana. Simu hailii. Nikaanza kuvuka barabara.

Kwetu mtu akikonda ndipo tunaulizana. Miaka ya tisini, UKIMWI ulipokuwa unapukutisha watu, kukonda kulikuwa hukumu, na mpaka leo mtu akipungua kidogo majirani wanaanza kunong'ona. Akiongezeka anaambiwa amenawiri, mji umemkubali, kwa mumewe kuna neema. Mimi niliongezeka kilo 11 katika miezi hiyo minane na kila kilo ilipokelewa kwa vigelegele. "Umependeza, dada! Kweli Mungu amekutia nguvu." Nilikuwa nimeuvaa msiba kiunoni, watu wanausifia.

Na salamu zetu nazo hazisaidii. Unaulizwa hujambo, unajibu sijambo, yaani huna jambo, hata kama jambo lenyewe limekukaa kooni. Kanisani ndiyo zaidi. Bwana asifiwe, amina. Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele, amina. Hakuna kiitikio cha mtu ambaye leo hajisikii kusifu. Atakayesema "leo sipo sawa" mlangoni mwa kanisa anakuwa ameharibu foleni.

Tusidanganyane: chakula kinafariji. Wanaokemea ulafi mimbarani wanazungumza kana kwamba mlaji ni mpumbavu asiyejua anachofanya, wakati anajua vizuri sana. Mtoto akilia anapewa ziwa; faraja ya kwanza ya kila binadamu ilipita mdomoni. Mwanamke wa Kichaga akijifungua anapikiwa mtori, ndizi na nyama vimepondwa mpaka vikalainika, na anayempikia hampi lishe tu, anamwambia: tupo. Mwili wenyewe nao uko upande huo. Mtu akikaa na dhiki muda mrefu, homoni ya kotisoli inapanda, na kwa wengi hamu inakwenda moja kwa moja kwenye sukari na mafuta, kwa sababu vitu hivyo vinatuliza ubongo haraka. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai kama tisa. Ukiinywa na huzuni, kwa dakika chache huzuni inakaa pembeni. Kisha inarudi, na safari hii imekuja na aibu. Ubaya wa zege ni kwamba halina masikio. Unalipelekea habari za mama yako, linakujibu kwa chumvi.

Nilipokwenda kumweleza padri mmoja, baba wa watu, alinisikiliza kwa dakika tatu akaniambia nifunge na nisali zaidi. Basi nikafunga. Ilikuwa Kwaresima ya 2025, Jumatano ya Majivu ilipoangukia tarehe 5 Machi na Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu nyuma yake, hivyo mtaa mzima, msikiti na kanisa, ulikuwa na midomo mikavu. Jirani zangu Waislamu wanafuturu pamoja mkekani, uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, wanacheka, wanagombania kachori. Mimi Ijumaa nilishinda na maji tu mpaka jioni, nikajipongeza, na saa nne usiku nikavuka barabara nikanunua zege mbili. Moja ya kwangu na nyingine nikamwambia kijana ni ya mgeni.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba tunachanganya mambo. Ukimwambia mtu anayekula kwa huzuni afunge tu, basi, umemwondolea kikombe lakini kiu umeiacha. Nilishinda na njaa kuanzia asubuhi na sikumwambia Mungu neno lolote la maana. Nilikuwa nahesabu saa. Saumu yangu ilikuwa dayati iliyovaa rozari.

Wakristo wa kale walilijua jambo hili kuliko sisi. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi jangwani Misri na kufariki mwaka 399, aliandika orodha ya mawazo manane yanayomsumbua binadamu, orodha ambayo baadaye ikaja kuwa dhambi kuu saba tunazokariri kwenye mafundisho. La kwanza ni ulafi. Lakini ukisoma anavyoueleza, humwoni mtu mnene aliyekaa mbele ya sinia. Unamwona mtawa mkondefu peke yake, anayeanza kuwaza tumbo lake, ini lake, bandama lake, kwamba ataugua ugonjwa mrefu, kwamba huku jangwani hakuna mganga, kwamba mahitaji yatamwishia. Kwa Evagrius ulafi unaanza kama hofu. Na dawa aliyoitoa kwa mawazo hayo manane ni kuyajibu: alikusanya maneno ya Maandiko, kila wazo na majibu yake, ili mtawa aongee badala ya kunyamaza. Nimependa kwamba mtu wa miaka zaidi ya 1600 iliyopita, asiyejua chipsi ni nini, alijua kwamba wazo la kula usiku ni mazungumzo, na kwamba mtu akikaa kimya tumbo ndilo litakalomsemea.

Kisha yupo Hana. Nilikuwa namjua tangu shuleni kama mwanamke aliyeomba mtoto akapewa, ile hadithi ya kuwapa moyo wasiozaa, basi. Sikuwa nimewahi kuona ni chakula kingapi kimo mle ndani. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinafunguka na familia iliyokwenda Shilo kutoa sadaka, na baada ya sadaka watu wanakula nyama. Elkana anawagawia mke wake Penina na watoto wake mafungu yao, na Hana, mke wake mwingine asiye na mtoto, anampa fungu la upendeleo. Mwanamume anampenda mkewe, anamwona analia, anamwongezea nyama. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Hana halili. Analia. Elkana anamuuliza kwa nini hali, kwa nini moyo wake una huzuni, kwani yeye hamfai kuliko wana kumi? Maskini Elkana. Ni mtu mwema kabisa, na kila anachokitoa ni kizuri, ila hakipiti mahali palipoziba.

Hana anainuka anakwenda hekaluni. Anaomba midomo ikicheza bila sauti, mpaka kuhani Eli aliyekaa mlangoni anadhani amelewa na kumkemea. Huyu naye nimemcheka sana: mtu wa Mungu anamwona mwenye uchungu, kitu cha kwanza anachokiwaza ni kwamba kuna kitu kaingiza mdomoni. Hana anamjibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma, kwamba hakunywa kitu, amekuwa anaimimina nafsi yake mbele za Bwana. Eli anambariki. Na halafu inakuja sentensi ambayo nilikuwa nairuka miaka yote: mwanamke akaenda zake, akala, na uso wake haukuwa tena ule wa mwanzo.

Akala. Samweli hajazaliwa. Mimba haipo. Penina yuko palepale na maneno yake ya kumchokoza. Hakuna kilichobadilika isipokuwa kwamba jambo limesemwa mahali linapostahili kusemwa, na sasa nyama imerudi kuwa nyama. Mwandishi hasemi alikula kiasi gani, hasemi kama ni lile fungu la Elkana lililokuwa limepoa. Mimi napenda kuamini ni lilelile.

Msimamo wangu katika makala hii, kama ni msimamo, umejengwa juu ya mpangilio huo. Imani haikuja kuchukua nafasi ya chakula, kana kwamba ukipiga magoti hutahitaji ugali. Imani inakipokonya chakula kazi isiyo yake. Na anayedhani Mungu hapendi tufarijiwe kwa kula amsome Elia, aliyekimbia jangwani akalala chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na maji kichwani pake, akala, akalala, akaamshwa akala tena. Tofauti kati ya Elia na mimi ni kwamba yeye alianza kwa kusema wazi kwamba amechoka kuishi, na kwamba mkate ule aliletewa. Wangu nilikuwa naufuata mwenyewe gizani.

Sasa, kuna njia ya kuchanganya imani na chakula ambayo naiogopa, na imeanza kuingia kwetu kupitia vitabu na mahubiri ya mitandaoni kutoka Marekani. Kule ina historia ndefu. Mwaka 1957 mchungaji wa Kipresbiteri, Charlie Shedd, alitoa kitabu kilichowafundisha watu kuuondoa uzito kwa maombi. Mwaka 1986 mama mmoja wa Tennessee, Gwen Shamblin, akaanzisha mafunzo ya kupunguza uzito yaliyoenea katika makanisa mengi, ujumbe wake ukiwa karibu na huu ninaousema: njaa ya moyo ipelekwe kwa Mungu, kula pale tu tumbo linapoomba. Mwanzo mzuri. Lakini mwaka 1999 akaanzisha kanisa lake mwenyewe, na humo wembamba ukaja kuwa alama ya utii. Alifariki katika ajali ya ndege Mei 2021, na waliotoka katika kanisa hilo wamesimulia hadharani jinsi mizani ilivyogeuka kuwa kiti cha hukumu. Wapo walioufanya ushirika huu wa imani na mwili kwa busara zaidi, sikatai. Ila mtu akianza kuniambia kwamba Mungu anapenda kiuno cha namba fulani, nafunga redio. Unene una sababu nyingi: uzazi, dawa, umri, damu ya ukoo, kazi ya kukaa. Yupo mwembamba anayekunywa huzuni yake kwenye chupa, na yupo mnene ambaye moyo wake umetulia kama maji ya mtungi.

Na lipo la hospitali, nilipitie upesi kwa sababu halina mjadala. Kula kwa mafuriko, mtu akashindwa kabisa kujizuia, mara kwa mara, kwa siri na kwa kujichukia, tangu mwaka 2013 kumeingizwa kama ugonjwa kamili katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaotumika sehemu nyingi duniani. Sonona nayo inaweza kuanza kwa namna hiyo. Kitengo cha afya ya akili pale Muhimbili hakijawekwa kwa ajili ya wanaookota makopo barabarani peke yao. Anayefunga saumu huku akiwa na hali hiyo anaweza kujiumiza, kama nilivyojiumiza. Nilikwenda kwa daktari. Alinisaidia, na hakuona ajabu niliposema nasali.

Lakini mlango ulifunguka kwanza mahali pengine. Sisi Wakatoliki wa huku tuna jumuiya ndogo ndogo, mpango ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliukazia mwaka 1976, nyumba kumi kumi au ishirini zinasali pamoja kila wiki. Ya kwetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu alfajiri, sebuleni kwa mtu, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, nusu ya watu bado wana alama za mto usoni. Tunasoma Injili, tunatafakari kidogo, kisha mwenyekiti anauliza nia za maombi. Nia zetu zinajulikana: wagonjwa, wasafiri, wanafunzi wa mitihani, amani ya nchi. Siku hiyo kabla sijajizuia nikasikia sauti yangu inasema: "Naomba mniombee. Nakula usiku. Sina njaa, nakula tu. Tangu mama afariki."

Kimya. Kuku wa mwenye nyumba alipita mlangoni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha bibi mmoja aliyekaa karibu na dirisha, mjane wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kusema nia nyingine zaidi ya marehemu wa toharani, akakohoa. "Mimi nina sukari," akasema, "na naficha sukari. Iko kwenye kopo la majani ya chai, wajukuu hawajui. Nikiwakumbuka marehemu wangu nalamba kijiko." Baba mmoja dereva wa bodaboda akasema yeye ni soda, nne kwa siku, tangu pikipiki ya kwanza iibiwe. Mwenyekiti, mtu mkavu kama kuni, akatazama sakafu akasema tuombe. Na tukaomba, vibaya vibaya, bila mpangilio, bibi akilia na mimi nikilia, kilio changu cha kwanza tangu Rombo.

Tulipomaliza, mama mwenye nyumba akaingia na sinia la maandazi.

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Nilikula andazi moja na nusu na chai ya tangawizi, nimekaa, mchana kweupe, mbele za watu. Nusu iliyobaki niliiacha kwa sababu nilikuwa nimeshiba, na nilishangaa kujua kwamba bado nina uwezo wa kushiba.

Ninachowalaumu viongozi wetu ni hiki. Mimbarani wanakemea pombe, na ni haki yao, nimeona pombe inavyobomoa nyumba. Lakini wanadhani anayekunywa ana shida na anayekula ana hamu. Sherehe za komunyo ya kwanza na kipaimara tunazipima kwa kreti za soda na sufuria za pilau, na hakuna anayeuliza kwa nini mama wa mtoto anarudi mara ya nne. Zaidi ya yote wametupunguzia maombolezo. Sehemu kubwa ya Zaburi ni watu wanaolalamika mbele za Mungu, wengine kwa hasira, na Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa bila hata mstari mmoja wa kupunga mkono. Ni mara ngapi kwaya imeiimba hiyo? Tunaimba ushindi, tunacheza, tunarudi nyumbani na lile jambo tulilokana kuwa nalo, na jambo hilo linatungoja jikoni.

Siku hizi ikifika saa nne usiku nakaa kwenye kigoda palepale jikoni, taa nimewasha. Ni muda ambao Kanisa tangu zamani limeuwekea sala yake ya kumalizia siku, sala ya mzee Simeoni anayeomba ruhusa ya kupumzika, na nimeona kwamba waliopanga ratiba hiyo walikuwa wanaijua saa hii. Mimi sisali vizuri. Mara nyingi namwambia Mungu tu kwamba nimefunga milango. Wakati mwingine nasoma ile ya 88. Zipo siku baada ya hapo bado nataka kitu, nakata papai nakula, na ni papai tu. Zipo siku navuka barabara. Kijana wa chipsi amekwisha kunizoea, haanzi kuvunja mayai mpaka nifike.

Bibi wa kopo na mimi tulikubaliana kupigiana simu saa hiyo, yeyote atakayezidiwa. Katika kusoma kwetu tuliwahi kufika kitabu cha Hesabu, pale Waisraeli wanapolia jangwani wakiyakumbuka matango ya Misri na vitunguu na samaki, wamesahau matofali waliyofyatulishwa huko, na bibi alifurahishwa sana na matango hayo. Alisema angalau wao walilia kwa mboga.

Juzi Alhamisi nilikuwa nimeshavaa kandambili, niko mlangoni. Nikampigia. Simu iliita mara sita, akapokea, na mwanzoni sikusikia salamu, nilisikia kutafuna.

"Bibi, unakula nini?"

Kimya kidogo. Akameza.

"Tango," akasema.

Sikumhoji. Nikavua kandambili, tukaanza sala.